Tano na Mbili

Nyamache, Jumapili mchana

Mkwe wangu Oyoo,

Mvua imekuja vizuri, chai inachumika, na Zilpa wako ameota jino la mbele. Sasa nakuomba usije kumhamisha shule.

Ni kweli ulivyoambiwa, kwamba alianguka mtihani wa kutafuta watoto wenye kipaji cha hesabu. Mgeni aliyeletwa shuleni alimwuliza nusu ya kumi na nne ni ngapi.

"Tano na mbili," akajibu.

"Chagua jibu moja, mama."

"Si hilo ni moja!"

Akapewa sufuri. Mwalimu Nyanchera, mzaliwa wa hapa, aliposikia alicheka mpaka akaketi. Kwa Ekegusii saba ni isano na ibere, yaani tano na mbili. Mtoto alipiga hesabu kwa lugha ya nyumbani, akaitafsiri mbiombio. Alipoulizwa upya kwa Ekegusii, alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Yuko gredi ya pili, lakini kuanzia kesho atasoma hesabu na gredi ya tano.

Tulipofukuzwa Molo wakati wa ghasia za kikabila, nilirudi huku bila ng'ombe wala kiti. Namna hiyo ya kuhesabu, aliyonifundisha mama, hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Nimempa Zilpa, na ona ilipomfikisha.

Jana aliniuliza ninyi Wajaluo husemaje saba. Nilishindwa. Basi njoo, Oyoo, lakini uje kumjibu.

Mimi babu yake mwenye kichwa juu,
Jethro Ogoti