Nilimshonea Mama Joto la Njiani

Kasongo, Jumapili, mwezi wa saba.

Leo kumekucha na ile baridi ya kiangazi inayoingia mpaka kwenye meno. Jua limetoka jekundu nyuma ya moshi wa mashamba yanayochomwa. Watu wameenda kanisani. Mimi nimebaki. Miguu imevimba, mimba imekuwa nzito, na sina nguvu ya kupewa pole tena.

Mama amezikwa Wamaza, kijijini kwake, na mimi sikuwepo.

Naandika kwa sababu nikijaribu kusema kwa mdomo, nalia kabla sijafika katikati.

Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni matiriko, yaani masweta ya mitumba. Balo la mitumba likifunguliwa sokoni watu wanagombania suruali na mashati, masweta wanayasukuma pembeni. Nani atavaa sufu nzito huku kwetu? Mimi nayachukua. Mikono ya sweta naigeuza kuwa soksi ndefu za kufika magotini. Ule ukingo wa chini unaovutika unakuwa kofia ya mtoto mchanga. Kifua na mgongo nawashonea wamotari, maana watu wa pikipiki wanaijua baridi ya alfajiri kuliko sisi wote. Sufu ukiikata hivihivi inafumuka yote. Kwanza naichovya kwenye maji ya moto, naisugua kwa sabuni mpaka inajikunja na kuwa nene kama blanketi. Hapo makasi yanapita bila shida.

Mama alikuja kwangu mvua zikiwa zinaelekea kwisha. Aliletwa na mama mdogo Sifa, mdogo wake wa tumbo moja, kwa pikipiki kutoka Wamaza, naye Sifa akabaki nasi. Daktari alisema moyo umechoka. Akampa dawa. Tuliporudi tena alinivuta kando na kuniambia tumtunze tu, asiteseke.

Nikamtunza kwa kile ninachokijua. Nilimshonea soksi, nikamshonea shali kwa vipande vya masweta matatu, na kofia, na kitu cha kufunga kiunoni. Alivaa vyote bila kulalamika, na bado alitetemeka. Nikaongeza. Mwisho alikuwa amebaki macho tu.

Siku moja nilikuwa namfunga shali, akanishika mkono.

"Mutoto yangu, acha kwanza. Hii baridi haiko ya nguo. Kwako hakuna moto ndani ya nyumba. Hakuna mutu anapita mulangoni ananiita jina. Unirudishe kwangu."

"Mama, ile barabara itakuua."

"Na hapa, nini itaniua?"

Nilimaliza kufunga shali, nikatoka nje nikajifanya naangalia moto wa jikoni.

Nilimpigia yaya Kalume, kaka yetu mkubwa, yuko Kindu. Alikataa hata kabla sijamaliza. Alisema Mama abaki karibu na hospitali, na kwamba nikimpandisha pikipiki katika hali ile, kifo chake kitakuwa juu ya kichwa changu. Yaya si mtu mbaya. Anampenda Mama kwa mbali, na mtu wa mbali anaogopa zaidi.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa namsikia. Nikiwa kwenye mashini yangu, yeye chumba cha pili, alikuwa anamuuliza Sifa kama mihogo imetolewa majini, nani anafagia kiwanja, mbuzi wa jirani amefungwa au bado anakula maharagwe yake. Aliuliza kama mtu aliyetoka nyumbani asubuhi ileile na amechelewa kurudi.

Nikaamua peke yangu.

Nilichagua sweta lililo bora kuliko yote, la kijani kibichi, la mwanaume mnene wa nchi ya baridi, mtu nisiyemjua. Nikalishona mara mbili kifuani. Nikamtengenezea suruali ya sufu, vifuko vya mikono, na kofia inayoshuka mpaka mabegani na kuacha tundu la uso. Kitambaa kinachovutika kinasumbua mashini, sindano inaruka mishono. Kwa hiyo unaweka karatasi chini, unashona na karatasi yake, kisha unaichana. Nilichana karatasi nyingi. Sakafu ikawa nyeupe.

Nilijua ninachoshona. Hakuna aliyeniambia, lakini vidole vilijua. Nilikuwa nashona nguo za kwenda, hazikuwa za kurudi.

Nilimwomba Amisi ampeleke. Ni motari mtu mzima, mteja wangu, anapunguza mwendo hata kwenye kidimbwi kidogo. Tulimweka Mama katikati, Sifa nyuma yake, tukawafunga pamoja kwa kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, kama mama na mtoto. Mimi sikuweza kwenda. Mkunga alishanikataza kupanda pikipiki mpaka nijifungue. Mama aliweka mkono wake, ule uliovikwa sufu, juu ya tumbo langu.

"Baki muzuri," akasema.

Ni hayo tu. Amisi akawasha.

Walifika salama. Sifa alinipigia, sauti inakatikakatika. Nikaanza kujiambia kwamba labda nimefanya vizuri. Kisha simu nyingine ikaja, na sikuhitaji kusikia maneno. Nilisikia kilio cha wanawake nyuma ya sauti ya Sifa.

Yaya Kalume alinipigia siku hiyohiyo. Alisema, "Umefurahi sasa?" Akakata. Hakunipigia tena. Watu wa ukoo wamesikia, na najua wanasema nini. Labda hata mimi nasema hivyo, nikiwa peke yangu.

Ijumaa Sifa alirudi. Alikaa kwenye kiti changu cha kushonea, vumbi la njia bado kwenye nyusi, akanielezea.

Walipokaribia kijiji, Mama alimpiga Amisi begani asimame. Akataka kushuka. Akavua kofia, akavua vifuko vya mikono, akataka na ile suruali ya sufu itolewe, palepale njiani, Sifa amemzungushia kikwembe. Alisema hataki watu wamwone amefungwafungwa kama mgonjwa. Akajifunga kikwembe chake vizuri, akamshika Sifa mkono, akaingia Wamaza kwa miguu yake, polepole, akijibu salamu za kila mlango. Waliwasha moto karibu na kitanda chake. Alikula. Aligombana na jirani kuhusu mbuzi. Alikaa hivyo siku kadhaa, na Sifa anasema hakutetemeka hata mara moja. Asubuhi moja alimwomba asogeze kuni, Sifa akasogeza, na alipogeuka Mama alikuwa ameshaondoka.

Nilimsikiliza na nililia, lakini kilikuwa kilio kingine.

Jana nilikusanya moyo nikampigia yaya. Nilifikiri hatapokea. Alipokea. Nikamwelezea yote kama Sifa alivyonielezea, kuanzia njiani mpaka kwenye kuni. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa tayari.

Akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Alinitaja?"

Swali hilo nami nilikuwa nimemuuliza Sifa, kwa ajili yangu. Alitutaja? Sifa aliinamisha macho. Mama aliongea mambo ya shamba, ya Baba, ya watu waliokufa zamani, ya mbuzi. Sisi watoto wake hakututaja.

Ningeweza kumdanganya yaya. Neno moja tu, na angelala vizuri, na pengine angenisamehe.

"Hakututaja, yaya," nikasema. "Alikuwa nyumbani."

Nikamsikia analia, yule mwanaume ambaye sijawahi kumsikia akilia, na mimi nikaanza, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Tulikaa hivyo kwenye simu mpaka yunite zangu zikaisha.

Hajanipigia tena leo. Sijui kama amenisamehe, na sijui kama kuna cha kusamehe.

Kesho kutakucha tu, na baridi yake. Nitaamka, nitafagia karatasi zilizobaki chini ya mashini, na nitaangalia kama mikono yangu bado inataka kazi.