Redio Zako Bado Ziko Mezani, Hemedy

Mwaka umezunguka, Hemedy, tangu tukuzike hapa Nachingwea asubuhi ya manyunyu, na sisi bado hatujui tuanzie wapi. Tangazo hili tumekaa nalo siku nyingi. Shakila ameshika simu aandike, Baba anamwambia sema hivi, halafu anamwambia hapana, futa. Si kwamba tulikuwa tunalia. Kulia kungekuwa afadhali. Tulikuwa tumekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Ulianza kwa kulalamika kichwa, ukatania kwamba ni maumivu ya kutazama kompyuta. Homa ikapanda, tukakukimbiza hospitali, wiki haikuisha ukawa hupo. Hatuna la kuongeza hapo.

Tukukumbushe basi ulivyokuwa. Ulirudi kutoka Dar es Salaam na begi moja na kompyuta, ukasema kazi umekuja nayo. Baba alijua umefukuzwa, ila alikustahi, akangoja ukiri mwenyewe. Ukamweleza kwamba kampuni iko kule, wewe uko huku, unaandika programu na kuzituma, na mshahara unakufuata. Baba aliitikia, kisha akamuuliza Mama chemba kama mtoto ana madeni.

Vikao vyako na mabosi tulivizoea. Juu shati lililopigwa pasi, chini msuli. Siku moja upepo ulipiga dirisha, ukainuka kulifunga, mabosi wote wakauona msuli. Jioni ulitusimulia mwenyewe, Mama akacheka hadi akaegemea ukuta.

Kiti chako ulikiweka pale pale watu wanapopita kwenda stoo. Ukiwa kikaoni ulimwambia Mama kwa sauti ya chini, "Mama, inama kidogo, unaonekana." Naye aliinama na ungo wake wa mbaazi, akapita, akanyooka mbele. Sasa kiti hakina mtu na kompyuta imefungwa, lakini Mama akifika pale bado anainama. Anapita, ananyooka, anaendelea na kazi. Hatujamwambia.

Kila Idd, pilau ikishaliwa, ulikuwa unajifuta mikono na kututangazia: "Mwaka huu nataka kujua mambo matatu." Moja la kazi, moja la mikono, moja la watu. Tulikucheka, maana hukuwa mtu wa kutaka vitu, ulikuwa mtu wa kutaka kujua. Mwaka mmoja ulijifunza namna mpya ya kuandika programu, yenye jina ambalo Baba alilijaribu akaliacha. Mwaka huohuo ukapania kwenda kwa baiskeli mpaka Ruangwa na kupitiliza hadi Chunyu, kwa Bibi Tunu. Ulifika miguu inatetemeka. Bibi akakuuliza kwa Kimwera ni nani aliyekupiga. Hukuelewa neno, ikabidi Mama apigiwe simu akutafsirie.

Idd iliyofuata ukasema jambo la watu ni Kimwera. Kiswahili cha Bibi ni cha sokoni, cha bei na chumvi na kwaheri, na wewe uliona haya kuwa na bibi unayeweza kununua kwake tu, huwezi kuongea naye. Ukawa unakwenda Chunyu kumrekodi. Ukatengeneza programu ndogo kwenye simu, mtu akigusa picha ya jembe, sauti ya Bibi inataja jembe. Bibi alipoisikia mara ya kwanza aliuliza ni kizee gani huyo anayeongea kwa ukali. Alijulishwa kuhusu kifo chako, akaelewa. Anachosema ni kwamba mwanafunzi wake hakumaliza. Mlikuwa mmefika kwenye majina ya mvua.

Sasa zile redio. Mzee Eustakio, jirani yetu, aliona nyaya dirishani kwako, akaja na redio yake kwapani. Wewe ulikuwa hujawahi kufungua redio maishani. "Shaki, nimkatalie vipi?" ulimnong'oneza dada yako jikoni. "Mzee kaibeba mwenyewe, noma." Ukakaa kutazama video za mafundi wa nchi za mbali ambao lugha yao huijui, ukifuata mikono yao tu. Bahati yako ilikuwa kutu kwenye nafasi ya betri. Uliikwangua, redio ikasema, mzee akakubariki mbele ya watu.

Kwa furaha hiyo, Idd ilipofika ukatangaza kwamba jambo la mikono mwaka huu ni redio. Eustakio na mkewe Aurelia walikuwepo, wamekuja kula sikukuu kama kawaida yao. Tangu hapo redio zikawa zinaingia, na Eustakio akaleta nyingine. Za mtaani, nyingine zimetoka hadi Malolo zimefungwa kwenye khanga. Umeme ukikatika Mama alikushikia tochi. Uliungua kidole na kile chuma cha kuunganishia nyaya, ukakinyonya na kuendelea. "Mama," ulimwambia, "hawa watu wamenifanya fundi kwa nguvu. Nikisema sijui, wataona najidai." Ukajifunza kwa ajili yao, baada ya kazi, jioni baada ya jioni.

Ulipoondoka uliziacha mezani, vifuniko wazi, skrubu kwenye vifuniko vya chupa. Mama akasema zisiguswe. Anafuta vumbi kwa ncha ya khanga, kuzizunguka, kama anayefuta uso wa mtoto aliyelala. Wenyewe hawakuja kuziulizia. Tulidhani wanatuonea huruma.

Na jambo jingine likatokea, hatujui nani alilianzisha. Watu waliacha kumwita Mama Hemedy. Wakawa wanamwita Mama Shakila. Sokoni hivyo, misibani hivyo, hata Baba akafuata. Nia ilikuwa njema, tulitaka asichomwe. Mama akaitikia, angeitikia jina lolote. Ndani ya nyumba pia jina lako likaanza kukwepwa, tukawa tunasema "yule" na "siku ile". Yeye mwenyewe hakulitaja tangu tulipotoka makaburini. Wala hakulia. Alikwenda shambani, akauza mbaazi zake, akawajibu wote kwamba hajambo. Akichemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, aliweka yako kwenye bakuli lenye mfuniko, asubuhi akawapa kuku. Shakila alipomuuliza anajisikiaje, alimjibu: "Sisikii kitu, mwanangu. Natafuta mahali panapouma, sipaoni."

Hilo lilituogopesha kuliko kilio. Tuliona kwamba jina likishatoka kabisa nyumbani, Mama naye atabaki hivyohivyo, yupo na hayupo.

Wiki iliyopita, tukiwa kwenye maandalizi ya dua yako, Aurelia alipiga hodi.

"Hodi hapa, Mama Hemedy."

Shakila jikoni aliacha mwiko ndani ya sufuria. Baba barazani akatazama chini. Mama akasema karibu, akamvutia mgeni kigoda, wakakaa karibu na meza yako. Walisalimiana, wakaulizana habari za korosho.

"Dada Aurelia," Mama akasema, "ile redio ya mzee. Mwaka mzima nimemkalisha bila redio. Ichukue, mkatafute fundi."

"Mzee ana redio yake."

"Ipi?"

"Ile ya kwanza aliyomtengenezea. Inasema mpaka leo. Hii ya hapa ilikuwa ya shemeji yangu, ilikufa zamani, kuku walikuwa wanataga juu yake."

Mama aliitazama ile redio. "Sasa mliileta ya nini?"

"Si mtoto alisema siku ya Idd kwamba anataka kujifunza redio? Atajifunzia nini kama hana redio? Mzee alipita nyumba kwa nyumba, mwenye mbovu aitoe. Za Malolo tuliwaagiza ndugu zangu. Tukasema mtoto kaomba kujifunza, tutamnyimaje?"

"Aurelia. Yeye alisema mmemfanya fundi kwa nguvu. Alikuwa anajifunza ili asiwakatalie ninyi."

"Sisi?"

"Ninyi. Kidole kimeungua kwa ajili yenu."

"Basi ndiyo maana alikuwa anatuita tuje kuzichukua," Aurelia akasema. "Mzee alikuwa anazunguka njia ya nyuma asikutane naye. Alisema huyu akizimaliza hizi, nyingine tutazitoa wapi?"

Tulisikia sauti ambayo hatukuisikia mwaka mzima, tukakimbilia ndani tukidhani kuna baya. Baba aliacha kandambili zake nje. Mama alikuwa anacheka. Amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanapanda na kushuka, Aurelia naye anacheka kwa kuwa mwenzake anacheka.

"Hemedy," Mama akasema. "Hemedy mwanangu, umewasumbua watu. Na watu wamekusumbua."

Kisha kicheko kikageuka. Alilia kama siku ya kwanza, siku ambayo hakulia. Aurelia akamshika mabega, hakumwambia anyamaze. Sisi tulisimama mlangoni, na ganzi ikaanza kutuachia, na mnajua ganzi ikiachia inavyouma. Tuliumia, Hemedy. Tulifurahi kuumia.

Alipotulia alimuuliza mgeni wake, "Wenzako wote wameacha kuniita hivyo. Wewe mbona umeniita?"

"Nikuite nani?" Aurelia akajibu. "Ndiye aliyekufanya mama."

Redio alikataa kuichukua. Aliuliza ni nani anayejifunza sasa. Shakila akasema hakuna mtu. Mama akajibu, "Yupo, huyu hapa," akamvutia Shakila kiti chako. Tangu siku hiyo Shakila anakaa mezani kwako jioni na Mama anashika tochi hata umeme ukiwepo. Redio moja ameshaiharibu kabisa, ile ya shemeji. Kesho kutwa anakwenda Chunyu, maana Bibi anataka mwanafunzi, na yale majina ya mvua hayajarekodiwa. Kompyuta yako hatujaifungua. Hatuna haraka. Na Mama akipita nyuma ya kiti bado anainama, sasa Shakila anamsogezea nafasi.

Dua yako itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya swala. Ndugu wa Nachingwea, wa Ruangwa na wote mliokuwa naye, karibuni.

Mama ametutuma tuwatangazie mambo mawili. Wenye redio zao hapa wasije kuzichukua, na mwenye nyingine mbovu ailete. La pili, yeye ni Mama Hemedy. Anaomba mumwite hivyo, kwa sauti, sokoni na popote mtakapomwona.

Unakumbukwa na baba yako Shaban, mama yako Mwanawetu, dada yako Shakila, bibi yako Tunu wa Chunyu, na jirani zako Eustakio na Aurelia, waliokuwa wakikupitia njia ya nyuma.

Hatukuachi, Hemedy. Jina lako tutalitaja siku zote.