Tulimwombea Tukichimba Viazi

Kamau wangu, sasa? Huku Molo tuko salama, ni baridi tu, na ng'ombe amezaa.

Umeniuliza kama ukasirike vile rumeti wako, huyo mnalala chumba kimoja, anakuombea na wewe huamini Mungu. Nikiwa msichana, jirani yetu Mzee Njuguna pia hakuamini. Akavunjika mguu, na viazi ziko karibu kuoza shambani. Mimi na wamama wa kanisa tukaenda kumwombea. Kufunga macho tu, akasema, "Ombeni, lakini mkishika jembe!"

Kila Alhamisi tukaomba tukichimba mpaka viazi zikaisha. Alhamisi iliyofuata tukakaa nyumbani. Mzee akatuma mtu: "Kwani leo siombewi?" Na hakuwahi okoka!

Wewe mpe huyo rumeti sufuria aoshe akikuombea.

Ni mimi nyanya yako, cucu.