Kola ya Eustache

Jumanne, 5 Novemba 2024

Wamenihamishia chumba cha chini cha makumbusho. Chumba cha waliokatwa vichwa! Mwezi mzima nitasimama mlinzi humo na redio kiunoni nikiwaambia watu wasiguse. Maonyesho yametoka Uingereza: mabwana wakubwa, wake zao, malkia mmoja au wawili, wote waliuawa kwa amri ya mfalme. Picha nyingi ni nakala. Nyingine zilichorwa wenyewe wakiwa wameshafukiwa zamani.

Iliyo mbele yangu ni ya kijana aliyelala, macho yamefumbwa, kitambaa cheupe kimemzunguka shingo. Mwongoza wageni anasimulia: mtoto wa mfalme, wa nje ya ndoa, alimwasi ami yake, akakatwa kichwa. Mwenye shoka alirudia mara nyingi. Halafu — hadithi inasema — wakakumbuka hana picha ya heshima. Kichwa kikashonwa, akalazwa, akachorwa. Kisha mwongozaji anaongeza kwamba wataalamu hawaiamini hadithi hiyo, huenda wa pichani ni mtu mwingine kabisa. Sehemu hiyo watu hawaisikii. Wanasikia kushonwa tu.

Nimeona kitu. Kila anayeitazama anashika shingo yake mwenyewe. Wazee, wanafunzi, wenye koti la bei. Wala hawajijui. Mimi mikono yangu naiweka nyuma.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo mwongozaji alisimulia makaburi yao. Kumbe na ukubwa wao wote hawakuzikwa vya maana! Walifukiwa chini ya sakafu ya kanisa dogo ndani ya ngome, bila jiwe, bila jina. Malkia mmoja inasemekana alitiwa kwenye sanduku la mishale, maana hakuna aliyekumbuka kuagiza jeneza. Karne zaidi ya tatu zikapita, sakafu ikafumuliwa, mifupa imechanganyika. Wakakisia: huyu fulani, huyu fulani. Wakaizika upya, wakaandika majina.

Mama mmoja wa Kizungu karibu yangu akafuta machozi. Mimi nikamwonea wivu malkia. Ndiyo, wivu. Sakafu yake inajulikana. Kaka yangu Eustache sijui hata yuko upande gani wa barabara.

Basi niandike yote, humu hakuna wa kusoma. Mwezi wa nane, kule kwetu, nje ya Uvira, watu wenye bunduki walimshusha kwenye pikipiki. Wakamwita msaliti, wakamhukumu wao wenyewe palepale, wakamkata shingo kwa panga. Mwili haukupatikana. Mama tulimwambia ni homa. Tulipanga kwa simu, mimi na Patrick, mdogo wetu anayekaa North York, kaskazini ya mji huu huu: Maman iko na tension, damu yake inapanda, asijue. Tukaongeza hospitali. Tukaongeza padri. Tukaongeza kaburi lenye msalaba! Uongo ukishajengwa ukuta unadai na paa.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani wamekubali: matanga yataondolewa tarehe 23, hapa nyumbani kwetu, St. James Town. Mama anataka picha. Haki yake. Kwetu huondoi matanga bila sura ya marehemu, watu watamuaga nani? Picha hatuna. Simu ya mama yenye zote iliibwa kwenye kambi ya wakimbizi. Eustache mwenyewe alikuwa na simu ya vibonye, na ukimwelekezea kamera anajifunika uso. Patrick anayo moja. Ni kiganja kitupu.

Jioni tunamenya ndizi, mama akaniuliza tena: "Nani alimuosha? Balimuvalisha nini?"

Nikasema shati lake jeupe. Akacheka! Mara ya kwanza tangu Agosti. Akakumbuka siku ya kipaimara, Eustache mbele ya askofu, kafungua kifungo cha shingo, tai kaisokomeza mfukoni, na macho makavu. Tangu mdogo hakuweza nguo ya kumbana shingo, alisema inamnyonga. Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi nikaendelea kumenya.

Jumatano, 13 Novemba

Tazmin wa tiketi kaniuliza nina nini, nikamweleza habari ya picha. Sikumweleza mengine. Baba mkwe wake, Mzee Sherali, alikuwa na studio ya picha Kigoma. Sasa anachora sura za watu nyumbani kwake Thorncliffe Park. Mpelekee picha yoyote, kasema, hata mbovu.

Picha yoyote. Ipo moja.

Wauaji waliipiga wenyewe, wakaisambaza kwenye WhatsApp kama watu wanaojisifu kwa samaki. Patrick alitumiwa na binamu. Hajawahi kunionyesha. Nimempigia leo, akakataa. Nikamwambia, basi mama atasimama mbele ya ukuta mtupu na kanisa zima likimtazama. Akasema: "Dative, ukisha kuiona, haitatokaka." Akaituma.

Nimeifungulia chooni kazini. Uso ni wake, mzima, kama aliyechoka kungoja gari. Chini ya kidevu — siandiki.

Nikarudi chumbani kwangu kusimama na yule kijana wa kitambaa. Zamu nzima sikumtazama.

Jumamosi, 16 Novemba

Thorncliffe. Mke wa mzee, Bi Mehrunissa, kanipokea kama mtoto wake, viazi vya rojo, chai.

Mzee Sherali alinawa mikono kwanza. Akapokea simu, akatazama, akailaza kifudifudi juu ya meza. Midomo yake ikawa inasoma kitu. Kisha akaniita kwa jina la binti yangu, kama Tazmin anavyoniita: "Pole, Mama Ella. Pole sana, mwanangu. Alizikwa?"

Nikasema sijui. Ni mtu wa kwanza kumjibu kweli. Mgeni kabisa, na mama yangu mwenyewe simwambii!

Akasema Kigoma watu walikuwa wakimletea picha za maiti, mtu hakuwahi kuingia studio alipokuwa hai, wanataka afumbuliwe macho. Aliyafumbua kwa brashi nyembamba. Macho ndiyo anayonihitajia, sura iliyobaki anaiona. Nikamweleza: la kushoto hupungua akicheka. Akalichora kwa penseli, na lilikuwa lenyewe.

"Shingo nitaiacha ya kawaida," akasema. "Shati wazi, kama kijana yeyote."

Penseli ikaanza kushuka kutoka kidevuni. Nami nikaona. Siyo karatasi, nikaona ile nyingine. Nikapiga kelele — hapana! Ifunge! Kola nyeupe, kifungo mpaka juu, na tai.

"Alikuwa mtu wa tai?"

"Ndiyo."

Bi Mehrunissa akanitazama, akaniongezea chai ambayo sikuinywa. Mama tutamwambia mzee alichora kwa maelezo yetu tu, mimi na Patrick. Paa lingine.

Jumatano, 20 Novemba

Baridi kali, wageni wachache. Bibi mmoja kamuuliza mwongozaji: kama kichwa kilishashonwa vizuri, kitambaa cha nini tena? Mwongozaji akacheka, akampeleka kwenye picha inayofuata. Jibu ninalo mimi. Kuna mtu aliyeagiza ile picha, na hakuweza kutazama. Lakini mlinzi haulizwi.

Ijumaa, 22 Novemba

Ni yeye! Ee Mungu, ni yeye. Jicho la kushoto, kale kakovu kwenye nyusi, mdomo wa mtu anayetaka kukutania. Nililia kwenye basi na ile picha magotini, watu wakanipisha.

Patrick alikuja kuiona kabla mama hajarudi. Akapiga magoti. "Njo yeye. Njo yeye kabisa." Alilia kwa sauti, mtu mzima na mabuti yake ya kiwandani. Baadaye akafuta uso, akatazama tena, akasema kitu kuhusu tai. Nikamwambia ni heshima. Akasema sawa.

Binti yangu Ella akapita na sahani yake, akasema kwa Kiingereza chake kwamba mjomba anafanana na mfanyakazi wa benki. Nikamfokea. Bure, mtoto wa watu hakumjua.

Nimeifunika kwa kitenge cha mama, kile cha bluu. Usiku huu kwa mara ya kwanza nadhani tumefanya vizuri.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika bafuni. Mlango nimefunga. Sebuleni wanaimba — hapana, walikuwa wanaimba.

Niseme ilivyokuwa. Watu walijaa mpaka koridoni. Padri akaomba, wakaimba, wali ulishaiva. Kisha mama akaitwa aondoe kitenge. Kavaa nguo zake mpya za kutokea matanga, kanywa dawa yake. Akavuta. Vigelegele! Wamama wote kwa pamoja, maana waliomjua walimjua palepale. Mama Clara wa kwaya akaanguka chini akilia jina lake.

Mama hakulia. Alisogea karibu. Alimtazama macho, akatabasamu kabisa, nikasema asante Mungu. Akampapasa nyusi kwa kidole. Shavu. Kidevu. Kidole kikafika kwenye kola kikasimama.

Akageuka. Hakunitafuta kwa macho, alinijua nilipo.

"Eustache hakukuwaka anafunga kifungo ya shingo. Ata mbele ya askofu." Sauti ya chini, lakini wote walisikia. "Sababu gani munamufunga hivi?"

Mtu akasema, Mama, ni heshima, amependeza. Patrick akasema mchoraji alikosea. Maskini Mzee Sherali, alikosea nini! Mama hakumsikia yeyote. Alirudi kuitazama picha. Na hapo — nilijua kabla haujafika — mkono wake wa kulia ukapanda, polepole, ukashika shingo yake mwenyewe.

Nimeuona mkono huo karibu wiki tatu. Nimeuona kwa wageni wasio na mtu wao ukutani. Sijui nilipitaje katikati ya watu.

Nimefungua bomba ili wadhani nanawa.

Patrick kaja mlangoni, ananong'ona: nitoke, niseme ni homa, niape, mama anakwenda chumbani kupumzika, yatapita. Niape! Kwa kaburi lipi?

Sasa kuna mwingine nje. Hagongi. Amekaa chini, nasikia kitenge kikisugua mlango. Patrick anamwambia, Maman, simama, kuja tukae na wageni.

Nimefunga bomba.

"Dative." Kama anauliza chumvi iko wapi. "Ku chini ya ile kola, kuko nini?"

Patrick anasema Maman, Maman.

Anauliza tena.