Samadi kwenye mimea ya bosi

Mikumi, Jumanne

Samadi! Bosi aliniachia mimea yake mitatu inayonasa nzi, akasisitiza: mchanga na makumbi ya nazi tu, mbolea itaunguza mizizi. Leo asubuhi nimekuta Mama Zuhura, mfagizi wetu, ameijazia ndoo nzima ya samadi ya ng'ombe.

"Shikamoo, mama. Kwa nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mmea mpaka unakula nzi, si njaa hiyo? Nimeulisha."

Ningemfokeaje mtu wa umri wa bibi yangu? Nimeosha mizizi kwa maji ya mvua, nikapanda upya. Mmea mmoja umeshanyauka.

Bosi anarudi kesho, na mkataba wangu hajausaini. Nikimtaja mama, atafukuzwa. Nisipomtaja...

Nitasema ni mimi. Naogopa, lakini nitasema.

Mama nimemweleza mara tatu kwamba mimea hii haitaki mbolea. Akitoka akaniambia, "Usijali, kesho naleta ndoo nyingine."