Mtamba Niliyemngoja

Jumamosi, 8 Juni
Maji tena. Nimebeba madumu mpaka shingo imekakamaa. Udongo wa Nambis unakunywa maji kama mgonjwa wa homa.

Kaka Petro kaja na watu wa msaragambo, majirani na binamu waliojitolea, wamemaliza msingi wa nyumba yangu. Mama kapika makande sufuria mbili, zimeisha zote. Nani alisema mwanamke aliyeachika hana kwao? Nilirudi kutoka Basotu na begi moja, leo ndugu zangu wananibebea mawe. Nimefurahi mpaka naona haya. Baba, pumzika kwa amani. Ulinionyesha hapa mbele ya Mama na Petro, ukasema nijenge. Najenga.

Jumatano, 19 Juni
Upepo. Baridi kali. Kuta zimefika kwenye madirisha.

Danieli ananishangaza. Mdogo wetu wa mwisho, kwa kawaida hata jembe hashiki bila kubembelezwa. Siku hizi anaamka kabla yangu. Anapima vyumba kwa hatua, anataka sebule iongezwe. Nimecheka, nimekubali. Fundi kaongeza.

Jumamosi, 22 Juni
Petro kaanza kuchimbia nguzo za boma la ng'ombe ubavuni mwa nyumba. Mimi sina hata kuku. Nikamuuliza, akatabasamu: "Nyumba bila ng'ombe ni nyumba?"

Nimeelewa. Wananipa mtamba!

Nimemwambia Rehema tu, mwalimu mwenzangu, mtu wa Tanga. Kaniuliza kama nina hakika. Nimemwambia wewe hujui watu wetu. Mtu wa huku akikupenda hasemi, anakupa ng'ombe.

Jumatatu, 1 Julai
Shule imefunguliwa. Bati zimepigwa nikiwa darasani. Mama alimwambia binamu anitumie picha. Nikawaonyesha watoto wa darasa la tatu. Mwalimu mzima, haya sina.

Jumamosi, 6 Julai
Mungu wangu.

Nimetoka sokoni nikakuta wageni kwangu, wazee kutoka Dirma, wanaume na wanawake. Petro anawatembeza vyumbani. Shikamoo huyu, shikamoo yule, nikidhani wamekuja kunipongeza. Mama mmoja akapapasa ukuta, akasema binti yao atakaa vizuri hapa.

Binti yao. Mchumba wa Danieli. Ndani ya nyumba yangu!

Mama akanishika mkono, akaninong'oneza: "Usituletee aibu mbele ya wakwe. Leta chai." Kumbe alijua. Siku zote hizo, akipika, alijua. Nimeleta chai. Nimemimina kikombe baada ya kikombe, wakaisifu.

Na boma ni la ng'ombe wa Danieli. Mtamba! Mjinga mimi.

Jumapili, 7 Julai
Sikwenda kanisani. Petro kanieleza taratibu kama anayemweleza mtoto. Kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani. Mimi nina mshahara, nitapanga mjini, na huenda nitaolewa tena. Nyumba ni ya ukoo kwa sababu ukoo ndio uliobeba mawe.

Ndiyo maana waliyabeba! Wangekataa tangu mwanzo ningejua moja. Anayekunyima umeshamjua. Hawa walinichekea, wakala makande, wakaniuliza mlango nautaka upande gani.

Nimelia mpaka macho yamevimba. Rehema hakusema "nilikuambia". Ningempiga.

Jumanne, 9 Julai
Nimehamia. Godoro, sufuria, kigoda, kufuli. Madirisha hayajawekwa, nimeziba kwa magunia. Danieli kapita, kaangalia chini. Dada yake mkubwa, hata shikamoo hakunipa.

Alhamisi, 11 Julai
Kikao cha ukoo, nyumbani kwa Mama. Nimesema Baba alinionyesha kiwanja akiwa na akili zake timamu. Wakamuuliza Petro. Petro akasema hakumbuki.

Hakumbuki! Yeye ndiye aliyepigilia vigingi siku ile. Baba alikuwa anamwelekeza kwa fimbo.

Wakamgeukia Mama. Mama akatazama mikono yake. Wakangoja. Hakusema kitu. Basi wamesema tukutane tena Jumamosi, na neno la Mama ndilo litakalokata. Akinyamaza tena, natoka.

Petro nitamsamehe, labda uzeeni. Mama sijui. Kunyamaza kwake kumeniuma kuliko uongo wa Petro.

Jumamosi, 13 Julai
Ukungu asubuhi nzima. Wazee walishaanza kukusanyika uani kwa Mama, Petro akiwapangia viti. Mimi sikutoka. Nilikaa kwenye godoro nimevaa koti.

Mlango ulikuwa wazi, uani kwa Mama kunaonekana. Mama akatoka mbele yao wote, akavuka uwanja, akaja kusimama nje ya kizingiti. Akapiga hodi. Mama yangu hajawahi kunipigia hodi maishani mwake, kwa watoto wake huingia tu. Akarudia, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye viti: "Hodi kwa mwenye nyumba!"

Uani wazee wakageuka. Nikafunga vifungo vya koti kwanza, polepole.

Nikasema karibu. Akaingia. Nimempa kigoda, mimi nikakaa chini. Nimechemsha maziwa, tumekunywa. Petro hatukumtaja. Nje tulisikia viti vikikunjwa, watu wanaagana.

Bado nina hasira naye.