Mkanda Upi Uanze, Kaka Deo?

Kaka Deo,

Nakuandikia nikiwa hapa Nshamba, kwenye lile banda la kahawa ulilolifanya banda la video. Bati lililotobolewa wakati wa vita bado linavuja pale pale, na gunia uliloziba nalo limeoza. Deki ninayo, jenereta ninayo, mikanda yako yote ya katuni za Kijapani ninayo. Kichwa ndicho sina. Jumapili baada ya misa wanao wanataka kumwona Kapteni wa katuni zile, nami sijui nianze na mkanda upi.

Ungenicheka. Wewe ulichomeka tu mkanda, ukasimama pembeni, ukatutafsiria maneno ambayo naapa hukuelewa hata moja. Nani alikuambia kwamba nahodha wa chombo cha angani anaagiza ndizi zetu za ebitoke na maharage? Tulicheka mpaka Theonestina, mkeo, akajifuta machozi kwa kanga. Alikuwa bado yupo, na wewe ulikuwa bado una mashavu.

Sasa Koku amekua, hapitwi na kitu. Ameniambia, "Shangazi, Baba alichanganya." Anasema ulianza na Kapteni mwenye ndevu nyeupe, akafa, wakamzika, kisha mikanda iliyofuata ukamleta tena ana ndevu nyeusi. Nikaona aibu kwa niaba yako. Nikapanda gari mpaka Bukoba kwa Mama Zarina, yule Mhindi wa duka la vitambaa aliyekupa mikanda hiyo wanawe walipohama. Akasema hukuchanganya. Wajapani wenyewe walimuua Kapteni kwanza, watazamaji wakakataa katakata, ndipo wakarudi kutengeneza habari za ujana wake. Wewe ulifuata jinsi mikanda ilivyotoka. Lakini akasema pia kwamba wanawe wawili walinuniana kwa jambo hilo hilo, mmoja akitaka ifuate umri wa Kapteni, na wote wawili walikuwa na haki. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Ningefuata mpangilio wako, yaishe, kama si Mugisha. Unakumbuka alivyokuuliza, amekaa mapajani mwako, imekuwaje Kapteni amerudi? Ulikuwa umeanza kukohoa. Ukamjibu, "Alipata dawa, mwanangu." Kaka, ulikuwa unamwambia nani? Yeye? Sisi? Nafsi yako? Sijui, na inaniuma kwamba siwezi kukuuliza.

Maana mtoto aliamini. Tulipokuzika mgombani kando ya Theonestina, hakulia. Aliwaambia waombolezaji kwamba hata Kapteni alizikwa. Tangu hapo kila gari linalotoka hospitali ya Muleba likisimama, anakwenda barabarani kutazama nani anashuka. Juzi aliniuliza kwa nini dawa yako inachelewa. Nilimpa ndizi ale, nikakimbilia jikoni.

Leo nimeipanga mikanda chini, mara hivi, mara vile. Nikianza na ndevu nyeupe, ninamwongezea mwanao kungoja. Nikianza na nyeusi, Koku atadhani nimekusahihisha mbele za watu. Nimelia. Nimekutukana pia kidogo, unisamehe.

Basi nitaanza na nyeusi. Koku nitamweleza yote ya Mama Zarina, ajue baba yake hakukosea. Mugisha nitampakata. Tutamwona Kapteni akiwa kijana, tutamwona akizeeka, na mkanda wa mazishi ukiisha nitazima jenereta. Wale wengine waliozoea mpangilio wako wakilalamika, waje kwangu.

Pumzika, Kaka. Wanao ninao, na sitawaachia watu baki. Mugisha akiniuliza kama kuna mkanda mwingine, nitamwambia hakuna. Akiniuliza habari zako, nakuahidi nitamshika mikono na kumwambia kwamba hutarudi, na atayasikia kwangu, si barabarani.

Dada yako,
Adventina